UKURASA WA AFYA: Uhunzi wa Nyumbani – Kagua Zana Kabla ya Kuwasha Moto



Katika parokia zetu wapo akina baba na vijana ambao, kazi za siku zikiisha, huwasha makaa nyuma ya nyumba na kufua kisu, jembe la bustani au bawaba ya mlango. Wengine ni walimu, wengine ni wastaafu. Hawafanyi biashara, wanaipenda tu kazi yenyewe. Nayo ni kazi ya heshima. Wazee wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizoitwa malungu, na Kanisa linaye Mtakatifu Eligius, Askofu wa Noyon huko Ufaransa katika karne ya 7, msimamizi wa wafua vyuma, ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Desemba. Hatuandiki ili kuwakataza. Tunaandika kwa sababu ya wale tunaowapokea katika chumba cha majeraha.

Wakati wa Kwaresima ya mwaka uliopita alifika baba mmoja, jicho la kulia likiwa jekundu na limevimba. Siku nne kabla alikuwa akikata chuma kwa tindo, akahisi kitu kama mchanga kimemgusa jichoni. Hakutoka damu, na aliendelea kuona, basi akamalizia kazi yake. Jirani alimtilia maziwa ya mama. Usiku wa tatu maumivu yakaanza na nuru ikafifia. Tulimpeleka haraka kwa daktari wa macho katika hospitali ya rufaa, na ndani ya jicho kikaonekana kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi. Jicho halikuokoka. Baadaye alituletea ile tindo tuione, na kwa kuitazama tu tukaelewa kisa chote.

Kichwa cha tindo hiyo, pale panapopigwa na nyundo, kilikuwa kimepanuka na kujikunja pembeni kama uyoga. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila tindo inayopigwa kwa muda mrefu. Zile kingo zilizojikunja huwa zimepasukapasuka, na siku moja pigo la nyundo hukirusha kipande kwa kasi kubwa. Dawa yake ni rahisi: mara uonapo uyoga unaanza, ondoa kingo hizo kwa tupa au kwa grainda mpaka kichwa kirudi kuwa na umbo lake, kikiwa chembamba kidogo juu. Ni kazi ya dakika chache.

Jambo la pili kuhusu tindo ni namna ya kuitia maji. Wengi hutengeneza tindo kutokana na springi za gari, nacho ni chuma kizuri. Lakini kosa tunalolisikia mara nyingi ni kuipasha tindo nzima hadi iwe nyekundu na kuizamisha yote. Hapo kichwa nacho huwa kigumu kama kioo, na kigumu kikipigwa na kigumu, kimojawapo huvunjika. Pasha sehemu ya makali tu, kiasi cha vidole vitatu, hadi sumaku isishike tena. Izamishe sehemu hiyo katika mafuta, kwa maana chuma cha springi kikizamishwa katika maji huweza kupasuka. Kisha isugue ing'ae, uipashe polepole kutoka upande wa nyuma, na uangalie rangi zinavyotembea: manjano hafifu, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika kwenye makali, poza. Asiyefanya hatua hii ya mwisho ana tindo kali sana itakayomeguka siku ya kwanza. Kichwa kibaki laini siku zote.

Mafuta hayo yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, kamwe si ndoo ya plastiki. Mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika yanafaa kuliko oili chafu ya gari, ambayo moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Yakishika moto, funika. Usimwagie maji.

Kwa sababu hiyohiyo ya ugumu, usigonganishe nyundo mbili uso kwa uso, wala usipige fuawe tupu kwa nguvu. Na miwani je? Vaeni miwani ya kinga iliyo angavu, inayofunika hata pembeni. Miwani ya jua haifai. Hupasuka, na tena hukuficha rangi ya chuma. Mtoto anayesimama kutazama naye anahitaji miwani, au asimame mbali.

Tukiendelea na nyundo: vijana hupenda nyundo kubwa, halafu wanakuja kwetu wakilalamika kiwiko. Kwa anayeanza, nyundo ya kilo 1 inatosha. Ishike bila kuikaba, na usilaze kidole gumba juu ya mpini. Acha moto ufanye kazi: piga chuma kikiwa cha rangi ya chungwa au manjano, na kikirudi kuwa chekundu cha giza, kirudishe motoni. Anayepiga chuma kilichopoa huumiza mkono wake na chuma chenyewe. Kikianza kutoa cheche nyeupe, hicho kimeshaungua. Fanyieni kazi kivulini ili rangi zionekane.

Fuawe wengi hutumia kipande cha reli kilichotoka kwenye chuma chakavu (tunasema chakavu, si ile iliyofungwa njiani!). Kifungeni imara juu ya gogo zito. Kimo chake kipimwe hivi: simama wima, kunja ngumi, mikono ining'inie, uso wa fuawe ufike kwenye vifundo vya vidole. Ikiwa chini zaidi, mgongo utakuambia.

Koleo ndiyo zana inayodharauliwa kuliko zote. Tumeona watu wakishika chuma cha moto kwa plaizi ya fundi umeme. Plaizi ni fupi, mkono unakaribia moto, na chuma huteleza kikaanguka juu ya mguu. Koleo iwe na mikono mirefu, na mdomo wake ulingane na unene wa chuma unachokishika, ukibana kwa urefu wote na si kwa ncha tu. Ndiyo maana mhunzi huwa na koleo nyingi. Ukiweza, kazi yako ya kwanza iwe kujitengenezea koleo.

Majeraha mengi ya moto tunayoyatibu kwa wahunzi hayatokani na chuma chekundu. Chekundu kila mtu hukiogopa. Yanatokana na chuma kilichorudi kuwa cheusi, ambacho huweza kuwa bado na joto la nyuzi 300 na zaidi, na mtu akakiokota kama kawaida. Weka mahali pamoja pa kupozea, na kabla ya kushika kitu chochote kisogezee mgongo wa mkono wako kwanza. Bomba likizamishwa majini hutoa mvuke upande wa juu, usilielekeze usoni. Shokapu ya gari au chombo chochote kilichozibwa kisiwekwe motoni hata kidogo, kwani hulipuka.

Nguo ziwe za pamba, kwa sababu nailoni huyeyuka na kushikamana na ngozi. Viatu viwe vya ngozi, suruali ishuke nje ya kiatu ili magamba ya moto yasiingie ndani. Kandambili ziacheni mlangoni.

Sasa liko jambo ambalo hutuchanganya hata sisi wauguzi. Mtu anafua jioni, usiku anatetemeka, ana homa, kichwa kinauma, mdomoni ana ladha ya chuma. Familia inasema ni malaria na kumpa dawa zilizobaki kabatini. Huenda alichoma bomba la maji au bati lenye zinki. Moshi mweupe wa zinki huleta homa ya namna hiyo saa 4 hadi 12 baada ya kuuvuta, nayo kwa kawaida huisha kwa siku moja au mbili. Wengine hunywa maziwa kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayazuii homa hii. Kinga ni kutoweka motoni kitu chochote chenye zinki, rangi ya zamani au kromu. Hata hivyo njoo upimwe malaria, na umwambie muuguzi kazi uliyoifanya. Akikosa pumzi au kifua kikibana, aletwe usiku huohuo.

Makaa nayo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Fulieni mahali palipo wazi, na makaa yaliyobaki yasiingizwe chumba cha kulala wakati wa baridi.

Ukiungua, mimina maji safi ya baridi kwa dakika 20, na vua pete kabla kidole hakijavimba. Usipake dawa ya meno, yai wala majivu, na usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi kiganja cha mgonjwa, au likiwa usoni, mkononi au kwenye kiungo, njoo hospitali.

Kwa jicho, vumbi la kawaida la makaa lioshwe kwa maji safi mengi. Lakini kitu kilichoruka kutokana na pigo la nyundo au grainda, hesabu kwamba kimeingia ndani hata kama huumwi. Usisugue, usibonyeze, usitie dawa ya majani wala maziwa ya mama. Kata kitako cha kikombe safi cha plastiki, kifunike juu ya jicho bila kuligusa, kibandike kwa plasta, na uje siku hiyohiyo.

Mwisho, chanjo ya pepopunda. Akina mama wengi wameipata kliniki walipokuwa wajawazito. Akina baba, ninyi ndio mnaoshika vyuma vyenye kutu, na tukiwauliza lini mlichanjwa mnatazama dari. Pitieni zahanati kabla ya kununua gunia lingine la makaa.