Viatu vya Breki za Nyuma: Jinsi ya Kuvibadilisha Nyumbani

Ndugu mkulima, pikapu inayoteremka kutoka Kinangop kwenda Naivasha na magunia ya viazi huhitaji breki zilizo nzima. Katika pikapu nyingi, kila gurudumu la nyuma lina drami, na ndani yake mna viatu viwili vya breki. Ukikanyaga pedeli, viatu husukumwa nje vikaibana drami. Vikilika mno, chuma hukwaruza chuma. Ukisikia mkwaruzo huo, usingoje mavuno yaishe.

1. Egesha gari mahali tambarare, uzuie magurudumu ya mbele kwa magogo. Legeza nati, inua gari kwa jeki, kisha ulikalishe juu ya stendi mbili imara. Usitegemee jeki peke yake.

2. Achilia handibreki, uondoe magurudumu na drami zote mbili. Usipulize vumbi, kwa maana viatu vya zamani huweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Drami zikiwa nje, mtu asikanyage pedeli.

3. Pangua upande mmoja tu. Upande wa pili ndio kitabu chako: ukisahau mahali pa springi, utazame. Lakini kumbuka kwamba pande hizi ni kama mikono miwili, mmoja ni kinyume cha mwingine.

4. Chunguza silinda ndogo inayosukuma viatu. Ikiwa inavuja, mwite fundi aibadilishe na kutoa hewa katika breki. Kiatu kilicholowa mafuta hakishiki.

5. Funga viatu vipya, kisha ufanye vivyo hivyo upande wa pili. Usibadilishe upande mmoja tu, maana gari litavuta upande. Grisi isiguse viatu wala ndani ya drami.

6. Rudisha drami, urekebishe viatu mpaka viiguse kidogo, lakini izunguke kwa mkono.

7. Funga magurudumu, ushushe gari, ukaze nati. Kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ujaribu handibreki. Kisha endesha polepole mahali tambarare bila mzigo.

Pedeli ikizama, au gari likivuta upande, usilipakie, mwite fundi. Viazi vikichelewa siku moja bado vitauzwa, lakini mteremko haumngoji mtu asiye na breki.