Ubao wa Unga wa Mbao na Mafuta ya Nyonyo: Mwongozo kwa Mafundi wa Karakana

Mafuta ya nyonyo hayagandi yenyewe hewani kama mafuta ya kitani. Yakichanganywa na kemikali iitwayo isosianeti, huwa gundi ngumu isiyo na fomaldehaidi, na unga wa mbao ukishikwa na gundi hiyo chini ya jeki huwa ubao.

Kazi yote inategemea ukavu wa unga. Gramu 1 ya maji yaweza kumeza gramu 15 za isosianeti na kutoa kaboni dayoksaidi, gesi inayojaza ubao matundu. Unga wenye unyevu wa asilimia 10, ambao machoni ni mkavu kabisa, una gramu 100 za maji katika kila kilo, ilhali isosianeti inayotiwa humo haifiki gramu 50. Kwa hiyo fundi asiupime unyevu kwa kiganja. Akaushe sampuli katika tanuri kwa nyuzi joto 103 hadi 105, akiipima mpaka uzito usipungue tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji. Unga wa kazi ukaushwe hadi chini ya asilimia 3 na utumike siku hiyohiyo, kwani huvuta tena unyevu wa hewa, na Tanga au Mombasa huvuta upesi kuliko Iringa.

Kwa kilo 1 ya unga mkavu, anza na gramu 108 za mafuta na gramu 42 za isosianeti aina ya MDI. Hesabu hii ni ya mafuta yenye namba ya haidroksili 160 na MDI yenye NCO (kundi tendaji la isosianeti) asilimia 31. Karatasi ya muuzaji ikionyesha vingine, hesabu upya. Paka kalibu nta, kwani gundi hii hung'ang'ania chuma.

Isosianeti huleta pumu ya kazini, na aliyekwisha kudhurika hushikwa hata na kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake: vaa ya kichujio cha kemikali, pamoja na glavu na miwani, mahali penye hewa nyingi. Vumbi la mbao ngumu nalo husababisha saratani ya pua, hivyo lisifagiliwe kwa ufagio mkavu.

Kopo la isosianeti lililoingiwa na maji lisifungwe. Gesi itajikusanya ndani na kulipasua.