Somo la Kikundi: Mwenzetu Aliyetolewa Kibofu

Wako wagonjwa wanaotolewa kibofu kizima, mara nyingi kwa sababu ya kansa. Daktari huchukua kipande cha utumbo mdogo, akakiunganisha na mirija ya figo, na mwisho wake akautoa tumboni. Mkojo hutoka hapo wenyewe, usiku na mchana, ukiingia kwenye mfuko uliobandikwa. Dkt. Eugene Bricker wa Marekani alieleza njia hii mwaka 1950, na hata leo inatumika sana.

Muuguzi atamfundisha kubandika mfuko. Lakini nani atamwambia avae nini kanisani, au apande vipi matatu hadi Keroka bila woga? Ni yule anayevaa mfuko kama yeye. Basi muulizeni muuguzi kama kuna mgonjwa wa zamani aliye tayari kuongea, mchange nauli wakutane. Ila msitangaze habari zake barazani. Aamue mwenyewe nani ajue.

Huyo atamwonyesha kumwaga mkojo kabla mfuko haujapita nusu, na kusafisha ngozi kwa maji bila kupaka mafuta, maana mfuko hautashika. Ute kwenye mkojo usimtishe, unatoka kwa utumbo. Akipata homa, mkojo ukikoma, au kitundu kikiwa cheusi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa wiki sita hivi asibebe debe wala kikapu cha majani chai. Wazee wetu walikuwa na risaga, majirani wakilimiana kwa zamu. Mchumieni chai yake vivyo hivyo, na majani yapimwe kwa namba yake mwenyewe.