JUMANNE: Kuketi na Mgonjwa

Soma Ayubu 2:11–13. Rafiki zake Ayubu walifanya nini kabla ya kusema neno lolote?

Elifazi, Bildadi na Sofari wanakumbukwa kwa maneno yao, lakini tusisahau jinsi walivyoanza. Walipatana waende pamoja. Walipomwona walilia, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya. Taabu ilianza walipotaka kumweleza kwa nini anateseka. Kufika sura ya 16, Ayubu amechoshwa na faraja yao.

Kwenda kuona wagonjwa tunajua. Saa ikifika, langoni mwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mwananyamala utakuta ndugu wamebeba hotipoti na chupa za uji. Mwili wa mgonjwa tunaulisha. Moyo wake je? Muda ule mfupi tunaumaliza kwa kumhoji: umekula nini, daktari kasemaje, dawa ulikuwa unakunywa? Mwingine anasimulia habari za jirani aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. (Huyo angebaki nyumbani, akatuma uji.) Wengine wanajadili gharama juu ya kitanda, kana kwamba aliyelala hana masikio. Na wapo washiriki wanaomwuliza kama ana dhambi ambayo hajaiungama. Wasome kwanza Yohana 9:1–3.

Soma Yohana 5:2–7. Yesu alimwuliza nini mtu yule, na jibu lake linafunua nini?

Alikuwa ameugua miaka 38. Yesu alijua hali yake, lakini hakumhutubia, alimwuliza analotaka. Jibu lilikuwa la upweke: hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Nasi wodini tunaweza kuuliza: “Leo tuongee, au nikae tu?” “Nikuombee jambo gani?” Huenda akataja jambo ambalo hukulitazamia: mtoto aliyemwacha nyumbani, marejesho ya kikoba, hofu ya upasuaji. Kama ni mtoto, nenda ukamwone, kisha umletee mama habari zake kesho. Ombi liwe fupi, kwa sauti ya chini. Kitanda cha pili yupo mwingine anayeumwa, na pengine si wa imani yetu.

Akilia, mwache alie. Akisema hataki tena kuishi, usiifanye siri. Mwambie muuguzi saa ileile. Kama kinachomnyima usingizi ni malipo, msaidie kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huko si kupungukiwa imani. Eliya alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena (1 Wafalme 19:4–8).

Yupo pia anayeuguza, ambaye mara nyingi hakuna anayemwuliza hali. Mpokee zamu moja akaoge, akalale.

Kwa majadiliano: Ni nani wa kanisa lenu aliyelazwa juma hili, na nani anamwuguza? Pangeni darasani nani ataenda siku gani, ili msifike wote Sabato alasiri kwa mara moja.