Oda ipi, mdogo wangu?

Mdogo wangu unayeuza madera mtandaoni, meseji yako nimeisoma. Mteja kakuandikia "dada naweka oda, pisi sita", ukakimbilia Kariakoo na hela ya kodi ya nyumba, sasa hapokei simu. Unauliza kama ni tapeli. Sidhani. Mgahawani ukitoa oda, chipsi zikishakaangwa ni zako, utake usitake. Huku Instagram neno limelegea: wengi wakisema "naweka oda" wanamaanisha nimelipenda, usimpe mwingine, mshahara ukitoka tutaongea. Mwandikie leo: "Mpenzi, mzigo upo, tuma nusu kabla ya Ijumaa saa kumi, ikipita nauachia." Kimya kikiendelea, posti upya, uza.

Advansi mnaionea aibu bure. Kiwanda cha Guangzhou kina kiwango cha chini cha oda, na hakigusi kitambaa mpaka hela iingie. Mara nyingi asilimia 30 mwanzo, 70 kabla mzigo haujapakiwa. Tunalipa bila kununa. Na wewe unayeoka keki za oda, usivunje yai kabla ya kupokea nusu. Dera litapata mwingine, ila keki iliyoandikwa "Hongera Mama Junior" utamuuzia nani?

Kuna oda nyingine inayowatia wengi kiwewe cha furaha: LPO, yaani hati rasmi ya oda, ya halmashauri au shule. Hii ina namba, idadi, bei na sahihi ya mwenye mamlaka, na siku hizi manunuzi ya serikali hapa Tanzania hupitia mfumo wa NeST. Kwa hiyo afisa akikupigia "leta viti hamsini, karatasi zitafuata", mjibu kwa adabu kwamba unazisubiri. Viti vikishashushwa bila LPO, mhasibu hana cha kulipia, na huyo afisa anaweza kuhamishwa wiki ijayo.

Hata ukiishika mkononi, LPO si hela. Unapeleka mzigo, unasainiwa kwamba umepokelewa, unapeleka invoisi, halafu unasubiri, pengine miezi. Ndiyo maana mkopo wa marejesho ya kila wiki haufai hapa hata kidogo. Zipo benki zinazokopesha kwa LPO yenyewe. Nenda nayo, uliza riba, na uliza malipo yakichelewa deni linahesabiwaje, kabla hujasaini.