Jeli ya Kucha: Jinsi ya Kuitoa Bila Kuharibu Ukucha

Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, vibanda vya urembo vya Kibera Drive, soko la Toi na Kawangware Stage 2 hupata wateja wa aina mbili. Wapo wanaokuja kupakwa rangi, na wapo wasichana wanaotaka kutolewa jeli waliyopakwa wakati wa likizo, kwa kuwa shule haiiruhusu. Wengine hawafiki kibandani kabisa. Hukaa nyumbani usiku wakiibandua kwa meno au kwa wembe, na kukicha kucha zao ni nyembamba, zina madoa meupe na zinauma hata zikiguswa na maji ya vuguvugu.

Si wanafunzi pekee wanaolazimika kuitoa jeli. Mama anayekwenda kujifungua au mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji huombwa aje na kucha zisizopakwa, kwa sababu kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu kinaweza kutoa kipimo kisicho sahihi kikizuiwa na rangi nzito. Anayeuza chapati, samaki au chipsi hutakiwa kuwa na kucha fupi na safi. Naye mama fua anayetoka Kawangware alfajiri kutafuta kazi Lavington au Kileleshwa hutegemea vidole vyake. Kucha zikipasuka, sabuni na dawa ya kutoa madoa humchoma siku nzima, na huenda akakosa kazi ya kesho.

Somo hili linaeleza jinsi ya kutoa jeli nyumbani au kibandani, na mambo ambayo mteja anapaswa kumtaka mhudumu wake ayafanye.

Kwa nini jeli haitoki kama rangi ya kawaida

Rangi ya kawaida hukauka kwa hewa, na hutoka kwa kupanguswa na pamba yenye dawa. Jeli haikauki kwa hewa. Inapowekwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno, chembe zake hushikana na kuwa wavu mmoja mgumu, kama plastiki. Ndiyo maana hudumu wiki mbili au tatu bila kukwaruzika, hata kwa mtu anayeosha vyombo kila siku.

Dawa inayoweza kuulegeza wavu huo ni asetoni. Asetoni haiyeyushi jeli mara moja. Hupenya polepole, jeli ikavimba, ikapoteza mshiko wake na kuinuka. Kazi hiyo huchukua dakika 10 hadi 15. Katika baridi ya mwezi wa Julai inaweza kuchukua muda zaidi. Dawa za kutoa rangi zilizoandikwa kuwa hazina asetoni hazifai kwa kazi hii.

Ni kweli kwamba asetoni hukausha. Huondoa mafuta na unyevu kwenye ukucha na ngozi. Lakini ukavu huo hurekebishwa kwa mafuta katika siku chache. Madhara makubwa zaidi hutokana na haraka, yaani kubandua jeli kabla haijalegea. Ukucha wa kidole cha mkono una unene wa takriban nusu milimita tu, nao umeundwa kwa tabaka nyingi nyembamba. Jeli ikivutwa kwa nguvu, huondoka na tabaka za juu.

Tabaka hizo hazirudi. Sehemu ya ukucha inayoonekana haina uhai, kwa hiyo haiponi kama kidonda. Njia pekee ni kusubiri ukucha mpya usukume ule ulioharibika. Kucha za mikono hukua kwa takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukucha mzima huchukua karibu miezi 6. Dakika 15 za subira zinaweza kumwepusha mtu na nusu mwaka wa kucha zinazopasuka.

Vitu vinavyohitajika

Asetoni, pamba, karatasi ya foili, tupa ya kucha, kijiti laini cha mbao, mafuta mazito ya kujipaka, na mafuta ya maji kama ya nazi au ya nyonyo. Asetoni inunuliwe katika duka la vipodozi, ikiwa na kifuniko kinachobana na maelezo ya kilichomo. Usitumie thina ya rangi, petroli wala mafuta ya taa badala yake. Huchoma ngozi, na mvuke wake ni hatari zaidi.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali penye hewa. Kaa karibu na mlango au dirisha lililo wazi. Hakikisha hakuna jiko la makaa, stovu, mshumaa, koroboi wala sigara inayowaka karibu.

2. Sugua tabaka la juu linalong'aa. Tumia tupa polepole hadi mng'ao uishe na jeli ionekane imefifia. Hilo hufungua njia ya asetoni. Acha kusugua kabla ya kuufikia ukucha wenyewe.

3. Kinga ngozi. Paka mafuta mazito kuzunguka kila ukucha na kwenye ncha ya kidole. Usiyapake juu ya jeli, kwa sababu yatazuia asetoni kupenya.

4. Weka pamba na ufunge. Kata kipande cha pamba chenye ukubwa wa ukucha, kilowe asetoni bila kuchuruzika, kiweke juu ya jeli kisha zungusha foili kidoleni. Njia hii ni bora kuliko kutumbukiza vidole vyote kwenye bakuli, kwa kuwa asetoni hugusa ukucha pekee na ngozi haikauki sana. Fanya mkono mmoja kwanza.

5. Subiri dakika 10 hadi 15. Kama kuna baridi, funga mkono kwa taulo kavu ili upate joto. Kamwe usipashe asetoni moto.

6. Fungua kidole kimoja na uangalie. Jeli iliyo tayari huonekana imejikunja na kuinuka. Isukume kwa kijiti taratibu kutoka kwenye mzizi wa ukucha kuelekea ncha. Sehemu inayokataa isilazimishwe. Rudisha pamba yenye asetoni kwa dakika 5 nyingine.

7. Osha na upake mafuta. Nawa kwa sabuni na maji, kausha vizuri, kisha sugua mafuta kwenye ukucha na ngozi inayouzunguka kabla ya kufanya kazi nyingine.

Njia hii ni ya jeli ya kupaka. Akriliki nayo hulegea kwa asetoni, lakini huchukua muda mrefu zaidi. Zipo pia jeli ngumu za kurefusha kucha ambazo hazilegei kwa asetoni hata zikilowekwa saa nzima. Hizo hupunguzwa kwa tupa au mashine, na ni heri kazi hiyo ifanywe na mhudumu aliyefunzwa. Kwa hiyo mteja amuulize mhudumu siku ya kupakwa: "Hii ni aina gani, na hutolewaje?"

Tahadhari ya moto na watoto

Asetoni hushika moto kwa urahisi mno. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Katika chumba cha mabati ambamo familia hupikia, hulala na kupokea wageni, jiko lililo upande wa pili wa chumba haliko mbali. Moto ukianza katika mitaa iliyosongamana kama Laini Saba, Lindi au Gatina, hauishii kwa nyumba moja. Kazi hii ifanyike kabla ya jiko kuwashwa, au nje ya nyumba. Pamba na foili zilizotumika ziachwe zikauke nje kabla ya kutupwa, na zisitupwe jikoni. Wakati wa dharura, piga simu 999 au 112.

Asetoni isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto huona maji ya kunywa. Akiinywa, asilazimishwe kutapika. Akimbizwe katika kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe ili mhudumu wa afya ajue alichokunywa.

Baada ya jeli kutoka

Kwa wiki mbili za kwanza, paka mafuta asubuhi na usiku, na kila baada ya kunawa. Mafuta ya nazi, ya nyonyo au mafuta mazito ya kawaida yanatosha, si lazima kununua dawa ya bei ghali. Kata kucha ziwe fupi ili zisinase kwenye nguo. Usikate ngozi iliyo kwenye mzizi wa ukucha, kwani ndiyo inayozuia vijidudu kuingia.

Anayefua au kuosha vyombo avae glavu za mpira. Ukucha unaolowa na kukauka mara nyingi kwa siku huvimba na kusinyaa, na mwishowe hupasuka. Kucha zikiwa nyembamba au zinauma, zipumzishwe bila rangi hadi zirudi katika hali yake.

Kwa wahudumu wa kucha

Wengi wanaofanya kazi hii mitaani ni vijana wa kike na wa kiume waliojiajiri, na jina zuri ndilo mtaji wao. Mteja asiyeumizwa hurudi. Mhudumu asibandue jeli kwa kijiti cha chuma ili kuwahi mteja anayefuata, na asisugue kwa mashine hadi ukucha upate joto. Avae barakoa anaposugua, kwa sababu anavuta vumbi hilo kila siku. Vifaa vioshwe kwa sabuni kisha vilowekwe kwenye spiriti baada ya kila mteja. Kifaa chenye damu kinaweza kusambaza maambukizi, yakiwemo ya homa ya ini aina ya B.

Stima ikipotea jeli ikiwa bado chini ya taa, isiachwe hivyo hivyo. Jeli mbichi inayogusa ngozi inaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishaingia mwilini, kwa kawaida hubaki kwa maisha yote.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Tafuta matibabu ukiona kidole kimevimba au kina usaha, ukucha umegeuka kijani au mweusi, ukucha unaachana na nyama, au vidole, kope na uso vinawasha baada ya kupakwa jeli. Rangi ya kijani huweza kuwa dalili ya bakteria waliojificha kwenye unyevu chini ya jeli iliyoinuka. Usiifunike kwa rangi nyingine. Mwenye kisukari asisubiri hata jeraha dogo. Wakazi wa Kibera wanaweza kufika Hospitali ya Mbagathi, na wa Kawangware Kituo cha Afya cha Riruta, au wamuulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wao.

Kumbuka

Sugua mng'ao, kinga ngozi, funga kwa foili, subiri dakika 15, sukuma bila nguvu, paka mafuta. Jeli ikikataa kutoka, iongezee muda, usiiongezee nguvu. Na kwa mzazi mwenye msichana anayerudi shuleni Jumatatu, kazi hii ifanywe Jumamosi mchana, mlango ukiwa wazi na jiko likiwa limezimwa.