Mimi rai, shemeji ngano: namna ya kulinganisha wiski za Kimarekani

Ukitaka kujua wewe na mwenzako mnatofautiana wapi katika wiski ya Kimarekani, msianze kwa kuulizana ipi tamu zaidi. Ulizaneni kwanza ni kitu gani kimebadilika kati ya glasi hii na ile. Mimi na shemeji yangu tunaishi Lexington, Kentucky, penyewe hasa pa bourbon, na kwa muda mrefu tulibishana: yeye akidai chupa zangu zinawasha ulimi, mimi nikidai zake zimepoa mno. Ubishi ulikwisha tulipogundua kwamba tulikuwa tunazungumzia nafaka.

Sheria ya Marekani inarahisisha kazi. Bourbon lazima itokane na nafaka ambazo mahindi hayapungui asilimia 51, ikae katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na itiwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40, bila kuongezwa rangi wala kionjo. Kwa hiyo ile vanila, sukari iliyoungua na harufu ya nazi unayoikuta karibu katika kila bourbon ni kazi ya pipa, na haitakusaidia sana kupambanua chupa na chupa. Angalia nafaka ya pili. Mara nyingi ni rai, ndugu wa ngano anayestahimili baridi kali, ambaye huleta ukali wa pilipili manga na karafuu, wakati mwingine na mnanaa. Viwanda vichache hutumia ngano mahali pake, nayo haina makeke. Huuacha utamu wa mahindi utangulie. Kimea cha shayiri nacho kimo karibu kila mara, lakini kazi yake kubwa ni kugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate chakula. Mwanzoni kiacheni.

Jozi ya kwanza ninayompa kila anayeniuliza ni Maker's Mark na Buffalo Trace. Zote mbili zina kilevi cha asilimia 45, kwa hiyo hakuna atakayeshinda kwa nguvu. Ya kwanza hutengenezwa Loretto kwa mahindi asilimia 70, ngano 16 na kimea cha shayiri 14. Ya pili hutoka Frankfort, na ina rai kidogo. Shemeji alichagua Maker's Mark bila kusita, mimi Buffalo Trace, na kila mmoja alipata kujua mlango wake. Jambo hili linaokoa fedha. Watu hupanga foleni na kulipa bei za kutisha kwa W.L. Weller na Pappy Van Winkle, ambazo nazo ni bourbon za ngano. Kama ulimi wako haupendi ngano katika chupa ya kawaida, sioni sababu ya kuisaka ile ya bei mbaya.

Sasa namna ya kuonja, na hapa naomba uvumilivu wenu, maana hapa ndipo watu wengi hupakimbia. Glasi ziwe za aina moja, zenye mdomo mwembamba kuliko tumbo. Zile ndogo za mvinyo zinatosha. Mililita 15 kwa kila glasi ni nyingi kabisa kwa kazi hii. Mtu wa tatu amimine mkiwa chumba kingine, abandike namba chini ya glasi, na asibaki akiwatazama usoni. Msionje baada ya pilau au mchuzi wa viungo. Nuseni mdomo ukiwa wazi kidogo, kilevi kisije kikawachoma pua. Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo. Hukumu itokane na la pili. Kila mtu aandike kabla ya mwingine kusema, kwani akishatamka mmoja neno karafuu, wote mtaonja karafuu. Na andikeni kwa majina ya vitu mlivyokula utotoni: sukari guru, iliki, ubuyu, karanga za kukaanga. Vitabu vya Kimarekani vimejaa matunda ambayo wengi wetu tuliyaonja ukubwani, na kumbukumbu ya pua haikopeshwi. Mwenye gari la kuendesha aonje siku nyingine.

Kisha fanyeni jaribio la pembetatu. Glasi tatu, mbili zikiwa na wiski ileile, na kazi yako ni kuitambua iliyo peke yake. Ukishindwa kila mara, ujue ulichokuwa unakipenda ni karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Mimi nalithamini jaribio hili kuliko yote, kwa sababu mapenzi ya chupa yana kelele nyingi za matangazo.

Nguvu ichunguzwe peke yake. Wild Turkey huuza bourbon ya asilimia 40.5 na nyingine ya 50.5, zenye mchanganyo uleule wa nafaka. Au chukua ile kali, mililita 30, uongeze maji mililita 7, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, utakuwa umeishusha karibu na ndugu yake. Shemeji alipofanya hivyo, nusu ya malalamiko yake kuhusu ukali iliyeyuka. Nusu iliyobaki ndiyo ya rai.

Ili kuipima rai yenyewe, tafuta chupa zilizoandikwa Bottled in Bond. Sheria ya 1897 inataka wiski hizo zitoke kiwanda kimoja, msimu mmoja, zikae pipani miaka 4 au zaidi na ziwe na asilimia 50 kamili, kwa hiyo nguvu imekwisha kusawazishwa. Old Grand-Dad ni bourbon yenye rai takriban asilimia 27. Rittenhouse ni wiski ya rai, iliyovuka nusu. Hapo ndipo mimi nafurahi na shemeji anasogeza glasi.

Jack Daniel's ya Tennessee iwekwe kando, kwani huchujwa kwa mkaa kabla ya kuingia pipani. Ukiionja, kumbuka kwamba aliyemfundisha Jack Daniel kukeneka ni Nathan Green, aliyeitwa Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Jina lake lilistahili kujulikana mapema zaidi.

Chupa iliyotuvuruga ni Four Roses Single Barrel. Ina rai asilimia 35, na shemeji anaipenda! Nadhani jibu liko kwenye hamira: kiwanda hicho kina michanganyo 2 ya nafaka na aina 5 za hamira, jumla mapishi 10, na hii hutumia hamira yenye harufu laini ya matunda. Kila pishi lina herufi nne, kama OBSV au OESK. Ya pili ni ya nafaka, ya mwisho ni ya hamira. Baadhi ya maduka huuza chupa za pipa moja zenye herufi hizo. Tunatafuta mbili zinazofanana herufi ya pili na kupishana ya mwisho, na mke wangu amekubali kumimina.